Mafuta ya mchaichai: namna ya kuyakeneka (kuyatoa kwenye majani kwa mvuke), kuyapima sitrali na kuyatunza

Katika kila mililita 10 za mafuta mazuri ya mchaichai, kati ya mililita 6.5 na 8.5 ni kitu kimoja tu: sitrali. Vingine vyote, yaani mirseni, jeranioli, linalooli na vingi vidogo vidogo, vimebanana kwenye sehemu inayobaki. Bei ya mafuta hayo, ukali wa harufu yake, muda yatakaokaa kabatini bila kuchacha, hata upele unaoweza kumtoka mtu aliyeyapaka, vyote vinaifuata sitrali. Kwa hiyo naona ni kosa kubwa kununua au kuuza mafuta haya kwa pua peke yake. Pua itakuambia kuwa huu ni mchaichai. Haitakuambia ni kiasi gani.

Nilifundisha kemia sekondari kabla ya kuhamia kwenye mchaichai, nikishirikiana na kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni upande wa Muheza, mkoani Tanga. Mwaka tuliopungukiwa na majani yetu wenyewe tulinunua lita moja kwa mfanyabiashara mmoja. Yalinukia vizuri dukani. Sabuni iliyotoka hapo ilinukia siku chache, kisha ikabaki na harufu ya mafuta ya kupikia yaliyokaa. Pesa ya kikundi ilipotea, na mteja mmoja mkubwa akatuacha. Tungeweza kuligundua hilo kwa saa chache tu, kwa chupa ya kawaida ya maabara ya shule na unga mweupe unaouzwa kwa kilo kwenye maduka ya kemikali. Ninayoyaandika hapa ni ile njia nzima, kuanzia shambani hadi kwenye kipimo, kwa mtu anayetaka kuifanya mwenyewe.

Kabla ya mundu: ujue unachokitafuta

Sitrali ni aldehidi. Neno hilo alilitunga mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835 kwa kufupisha maneno ya Kilatini, alcohol dehydrogenatus, yaani alkoholi iliyopokonywa hidrojeni. Na hivyo ndivyo mchaichai unavyofanya ndani ya jani. Mmea unaanza na jeranioli, alkoholi yenye harufu ya waridi, ambayo kanuni yake ni C10H18O. Kimeng'enya kinaipokonya hidrojeni mbili, inabaki C10H16O, na harufu ya waridi inageuka kuwa harufu ya limau. Hesabu hidrojeni kwenye kanuni hizo mbili: 18, kisha 16. Tofauti nzima ya waridi na limau iko kwenye hizo mbili.

Sitrali yenyewe ni molekuli mbili zinazotembea pamoja, jeraniali na nerali. Zina atomi zilezile kwa idadi ileile. Zinachotofautiana ni upande ambao ncha ya molekuli imeelekea penye kifungo maradufu, yaani mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana kwa vifungo viwili. Kwa kazi yetu tutazihesabu kama kitu kimoja.

Kinachoifanya aldehidi kuwa aldehidi ni ncha yake: kaboni moja ambayo upande mmoja imeshikwa na oksijeni kwa vifungo viwili, upande wa pili imeshika hidrojeni. Oksijeni ina tabia ya kuvuta elektroni kuelekea kwake, kwa hiyo kaboni hiyo inabaki na njaa ya elektroni. Chochote chenye elektroni za ziada kikipita jirani kinajishika hapo. Naomba ukumbuke ncha hiyo, kwa sababu kila hatua inayofuata inahusu kuilinda, kuipima, au kujilinda nayo.

Aldehidi zimejaa jikoni mwetu. Magome ya mdalasini yana sinamaldehidi, ambayo Wafaransa Dumas na Péligot waliitenga mwaka 1834. Ganda la vanila lina vanilini. Mkaratusi ule unaonukia limau una sitronelali. Mbegu za lozi chungu hutoa benzaldehidi, lakini hizo ziache kabisa, kwa sababu zinaitoa pamoja na sianidi.

Hatua ya 1: kuvuna na kunyausha

Mchaichai mpya uache ushibe, miezi minne hadi sita tangu kupandwa, ndipo ukate mara ya kwanza. Baada ya hapo unaweza kurudi kila miezi miwili au mitatu kutegemea mvua. Kata sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi. Ukikata chini zaidi unaua shina na hupati mafuta ya maana, kwa sababu mengi yamo kwenye bapa la jani. Lile shina jeupe la chini ni tamu kwenye chai, lakini kwenye mtambo linakula nafasi tu.

Vuna siku ya jua, umande ukishakauka. Majani yenye maji ya mvua yanachacha upesi yakirundikwa, na joto la kuchacha linaanza kuila sitrali kabla hata hujawasha moto. Yatandaze kivulini siku moja, tabaka jembamba, uyageuze mara mbili tatu. Yakinyauka yanapoteza maji bila kupoteza mafuta mengi, na chombo kilekile kitameza majani mengi zaidi. Usiyaanike juani. Nimeona watu wakifanya hivyo ili kuokoa muda, na wakati wao wanapumzika, mafuta yao yanapaa hewani.

Yakate vipande vya urefu wa kidole kabla tu ya kuyaweka mtamboni. Ukiyakata jana, umeyafungulia mlango jana.

Hatua ya 2: kukeneka kwa mvuke

Sitrali peke yake huchemka kwenye nyuzi 229. Ukiipasha moto wa kiasi hicho utaiunguza. Lakini maji na mafuta yasiyochanganyika yakichemka pamoja, kila kimoja kinasukuma mvuke wake, na misukumo hiyo miwili inajumlishwa. Mchanganyiko unachemka chini kidogo ya nyuzi 100, na sitrali inapanda na mvuke ikiwa salama. Jambo hilohilo linatokea kwenye sufuria yako ya chai. Ukichemsha mchaichai bila kufunika, ile harufu nzuri inayofika hadi chumba cha pili ni mafuta yaliyotakiwa kubaki kikombeni.

Mtambo wetu ni pipa la chuma kisichoshika kutu la lita 50. Chini kuna maji, kama kina cha shibiri moja. Juu ya maji kuna wavu wa chuma uliokaa kwenye miguu, ili majani yasiguse maji. Majani yaliyolowa yanaiva kama mboga, na mafuta yanatoka na harufu ya mchicha. Mfuniko unabanwa kwa vibanio, na ukingo wake tunauziba kwa unga wa ngano uliokandwa na maji. Hiyo ni njia ya zamani na bado sijaona bora kuliko hiyo: unga hauleti harufu, na mvuke ukizidi nguvu unatoboa unga badala ya kulipua pipa. Usizibe kwa mpira. Mafuta haya yanalainisha mpira na plastiki, kisha harufu ya vitu hivyo inaingia kwenye mafuta.

Kutoka kwenye mfuniko, bomba linapita ndani ya ndoo kubwa ya maji baridi likiwa limezungushwa mara sita au saba. Wengi hutumia bomba la shaba kutoka kwa mafundi friji, kwa kuwa linapatikana na linapoza vizuri. Linafaa kuanzia. Ila chembe za shaba zikiingia kwenye mafuta zinaharakisha oksijeni kuyala, kwa hiyo ukipata uwezo nunua bomba la chuma kisichoshika kutu. Hakikisha njia ya mvuke iko wazi tangu mwanzo hadi mwisho, na usiweke bomba linalopanda tena juu mahali maji yanapoweza kutuama.

Jaza majani kwa kushindilia kiasi, sawasawa pande zote. Ukiacha tundu upande mmoja, mvuke wote unapita hapo na majani mengine yanabaki yalivyo. Pipa letu linameza kilo 10 hadi 12 za majani yaliyonyauka. Washa moto wa wastani. Tone la kwanza likitoka, angalia maji ya kupozea: yakianza kuwa vuguvugu, badilisha, kwa sababu mvuke usiopozwa vizuri unaondoka na mafuta.

Saa ya kwanza ndiyo yenye sehemu kubwa ya mavuno. Tunaendelea hadi saa moja na nusu au mbili, tukiishia pale ambapo matone hayaongezi tena utando juu ya maji. Usiwe na haraka ya kufunga, wala usitafute tone la mwisho kwa saa tano. Kuni zitakugharimu kuliko mafuta.

Tarajia kati ya gramu 2 na 5 kwa kila kilo ya majani mabichi. Nasema hivi waziwazi kwa sababu watu wengi huanza kazi hii wakidhani gunia moja litajaza dumu.

Hatua ya 3: kutenga mafuta na maji

Mafuta ya mchaichai ni mepesi kuliko maji, mililita moja ina uzito wa gramu 0.87 hadi 0.90, kwa hiyo yanaelea. Pokea matone kwenye chupa yenye shingo nyembamba, na iwe na kijibomba kinachoanzia chini na kupanda kwa nje hadi karibu na shingo. Maji yanatoka kwa chini, yanapanda na kumwagika yenyewe. Mafuta yanabaki juu yakiongezeka. Kama huna, chupa ya glasi na bomba la sindano linatosha: acha itulie, kisha vuta mafuta kwa juu taratibu.

Ukikeneka magome ya mdalasini, geuza akili. Sinamaldehidi ni nzito kuliko maji, kwa hiyo mafuta yatazama, na mtu aliyezoea mchaichai atayamwaga akidhani ni maji machafu. Na hapo kuna jambo lingine linalowasumbua wanunuzi: mafuta ya majani ya mdalasini ni kitu kingine kabisa. Hayo kwa sehemu kubwa ni yujenoli, ileile ya karafuu, ambayo si aldehidi. Yanauzwa rahisi, na asiyejua anauziwa kwa bei ya magome.

Sasa yakaushe. Mafuta yaliyotoka tu yana ukungu wa matone madogo ya maji. Yaache usiku mmoja mahali pa baridi, vuta maji yaliyozama, kisha weka kijiko cha chumvi safi uliyoikausha kwenye kikaango hadi ikaacha kushikana. Tikisa, acha saa chache, chuja kwa pamba. Yakiwa tayari yanang'aa, rangi ya manjano iliyokolea kidogo, na ukiweka gazeti nyuma ya chupa unasoma herufi.

Hatua ya 4: kupima sitrali

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Mwaka 1853 Mwitaliano Cesare Bertagnini alieleza kwamba aldehidi zikikutana na chumvi za bisalfaiti zinashikana nazo na kufanya kitu kigumu cheupe. Salfaiti iliyomo kwenye bisalfaiti ina elektroni za kutoa, kaboni ya ncha ya aldehidi ina njaa nazo. Zikishashikana, na ukiendelea kupasha moto mbele ya bisalfaiti nyingi, molekuli ya sitrali inabeba salfaiti ya pili na kuwa chumvi inayoyeyuka kwenye maji. Kwa maneno mengine, sitrali inaacha kuwa mafuta. Inaondoka kwenye tabaka la juu na kuingia majini. Kinachobaki kikielea ni kila kitu ambacho hakikuwa aldehidi, na hicho unaweza kukipima kwa macho.

Vifaa: chupa ya ujazo ya mililita 100, ile ya maabara yenye tumbo pana na shingo ndefu, bomba mbili za sindano, ya mililita 10 na ya mililita 1, sufuria ya maji ya moto, mizani, na sodiamu metabisalfaiti, unga unaotumika viwandani kuhifadhi vyakula na kuondoa klorini kwenye maji. Ikiingia majini inageuka kuwa bisalfaiti.

Tahadhari kabla ya kufungua mfuko. Unga huu na maji yake hutoa gesi ya salfa dioksidi, ile harufu inayochoma pua kiberiti kinapowashwa. Fanya kazi nje au penye upepo, vaa miwani ya kujikinga. Mwenye pumu asikaribie kabisa, hata kwa kuangalia.

Kwanza ipe shingo ya chupa mistari. Jaza maji hadi chini ya shingo, bandika kipande cha utepe wa karatasi shingoni kwa urefu, weka alama penye uso wa maji. Kwa bomba ndogo ongeza mililita moja kamili, subiri maji yatulie, weka alama. Endelea hadi shingo ijae. Nafasi kati ya alama mbili igawe kwa rula vipande vitano, kila kimoja kitakuwa mililita 0.2. Kuna chupa maalumu za kazi hii zenye mistari iliyochorwa kiwandani, lakini hii ya utepe imetutumikia vizuri. Mwaga maji, kausha chupa.

Yeyusha gramu 60 za metabisalfaiti kwenye mililita 140 za maji ya uvuguvugu. Acha ipoe.

Weka mililita 10 kamili za mafuta kwenye chupa. Kipimo hiki ndicho msingi wa hesabu yote, kwa hiyo ondoa mapovu kwenye bomba kabla ya kusoma. Mimina mililita 20 hadi 25 za maji ya metabisalfaiti na utikise. Ndani ya muda mfupi chupa itapata joto mkononi na mafuta yatageuka kuwa mgando mweupe, kama maziwa yaliyoganda. Mara ya kwanza nilipowaonyesha wenzangu jambo hili mmoja wao alidhani nimeharibu mafuta. Ule mgando ndio sitrali yenyewe, imekamatwa.

Iweke chupa kwenye sufuria ya maji yanayochemka, ikiwa wazi, bila kizibo. Kila baada ya dakika chache itoe kwa kitambaa na uizungushe vizuri. Mgando utaanza kulegea na kuyeyuka. Ongeza maji ya metabisalfaiti kidogo kidogo, kila mara ukisubiri mgando uyeyuke, hadi yafike kama mililita 75. Kwa kawaida inachukua nusu saa hadi saa nzima. Umemaliza pale ambapo hakuna kipande cheupe kilichobaki, maji ni angavu, na juu kuna utando wa mafuta ambao haupungui tena.

Acha ipoe kabisa, kwa sababu mafuta ya moto yanavimba na yatakudanganya. Kisha mimina maji ya metabisalfaiti taratibu kupitia ukingoni hadi tabaka la mafuta lipande lote shingoni. Gonga chupa kwa kidole na uizungushe kati ya viganja, matone yaliyonasa tumboni yapande. Yaache saa moja au mbili. Ndipo usome mafuta yameanzia alama ipi na kuishia ipi.

Hesabu: toa kilichobaki kwenye 10, zidisha kwa 10. Kikibaki mililita 2.4, basi 10 kutoa 2.4 ni 7.6, na aldehidi ni asilimia 76.

Asilimia 65 hadi 85 ni mafuta ya mchaichai ya kuaminika. Chini ya 60, jiulize: majani yalikaa sana, mtambo haukufanya kazi vizuri, mafuta ni ya zamani, au yameongezwa kitu. Jibu liko palepale shingoni. Vuta tone la kile kilichobaki, liweke kwenye karatasi nyeupe, na lingine linuse. Mabaki halali ni mepesi, yana harufu ya majani mabichi na waridi kwa mbali. Hiyo ni jeranioli ambayo mmea haukuwahi kuigeuza. Doa lake kwenye karatasi linapotea lenyewe, labda libakize unjano hafifu. Yakiwa yameongezwa mafuta ya kula, karatasi itabaki na doa angavu kama la andazi hata kesho yake. Mafuta ya taa yatajitaja kwa harufu, kwa kuwa sitrali iliyokuwa ikiyafunika imeondoka.

Na spiriti? Hiyo inaingia kwenye maji na kukupa asilimia ya uongo, kubwa kuliko ukweli. Kwa hiyo kabla ya kipimo chochote, tikisa mililita 5 za mafuta na mililita 5 za maji kwenye bomba lenye mistari, acha yatengane. Mafuta yakipungua waziwazi, palikuwa na spiriti.

Kuna udanganyifu mmoja ambao kipimo hiki hakiushindi moja kwa moja. Sitrali hutengenezwa viwandani kwa wingi, na mtu anaweza kuichanganya. Bisalfaiti haiulizi molekuli imezaliwa wapi. Lakini matokeo yakizidi 90, usifurahi haraka, maana jani halitoi mafuta ya namna hiyo. Hapo mwombe muuzaji majibu ya maabara yanayoonyesha mirseni na jeranioli pia, na akikataa, ondoka.

Maji uliyotumia usiyamwage karibu na kisima wala bwawa la samaki, kwa sababu bisalfaiti inanyonya oksijeni iliyomo majini. Yazimue sana, yamwage mbali.

Hatua ya 5: kutunza

Ncha ileile iliyokamatwa na salfaiti inakamatwa na oksijeni ya hewa. Oksijeni inajipenyeza mahali pa ile hidrojeni, na aldehidi inakuwa asidi. Sitrali inageuka asidi ya jerani. Sinamaldehidi inageuka asidi ya sinami, ambayo utaiona kama fuwele nyeupe kwenye shingo ya chupa iliyofunguliwa mara nyingi. Mwanga na joto vinaharakisha yote hayo, na mirseni iliyomo inasaidia mafuta kuwa mazito na kunata.

Tumia chupa ya glasi ya kahawia yenye kizibo kisicho cha mpira. Kilicho muhimu zaidi ni kuijaza hadi shingoni, maana hewa iliyo ndani ya chupa iliyojaa nusu inatosha kuanza uharibifu. Mimi nikitoa mafuta kidogo kwenye chupa kubwa, natumbukiza gololi za kioo, zilizooshwa na kukauka, hadi mafuta yapande tena mdomoni. Gololi hazigusani na kemia yake kwa namna yoyote. Weka chupa mahali pa baridi na giza. Sehemu ya chini ya friji inafaa, mbali na maziwa.

Andika kwenye chupa tarehe ya kukeneka na asilimia uliyopata. Pima tena kila baada ya miezi sita. Mafuta yaliyoanza 78 yakawa 66 si ya kutupwa, yatumie kwanza kwenye sabuni ya kufulia, ila usimuuzie mtu kwa jina la 78.

Hatua ya 6: kuyaingiza kwenye sabuni na mafuta ya kupaka

Kostiki soda inaivunja sitrali. Inaikata mnyororo, inatoa metilheptenoni na asetaldehidi, na harufu inakuwa nyingine. Kwa hiyo kwenye sabuni ya mche usiweke mafuta mapema. Subiri uji uwe mzito na upoe kadiri unavyoruhusu kumiminwa, weka dakika ya mwisho, na ujue hata hivyo utapoteza kiasi. Sabuni itakuwa ya manjano. Hiyo ni kawaida.

Kwenye sabuni ya maji mambo ni mepesi zaidi, lakini pima kwanza kwa karatasi ya pH. Asidi nayo inaisumbua sitrali: inaikunja na kuigeuza kuwa vitu vyenye harufu ya dawa, na hilo ndilo linaloharibu vinywaji vya limau vilivyokaa dukani muda mrefu. Maliza kusawazisha asidi ya salfoniki na soda ashi, ufike karibu na 7, ndipo utie harufu.

Kwenye ngozi nakuomba uwe mwangalifu kweli. Protini za ngozi zina ncha za amini zenye elektroni za kutoa, nazo zinaikamata aldehidi kama salfaiti ilivyofanya kwenye chupa. Mwili unaweza kuiona protini hiyo iliyobadilika kuwa adui, na kuanzia siku hiyo mtu anavimba kila akigusa mchaichai. Sinamaldehidi ni kali zaidi. Mafuta ya magome ya mdalasini hayafai kupakwa bila kuzimuliwa sana, na mtoto mdogo asipakwe kabisa.

Sheria za Umoja wa Ulaya zinaitaka sitrali itajwe kwenye lebo ikizidi asilimia 0.001 katika kitu cha kupaka na kuacha, na 0.01 katika kitu cha kuosha. Fanya hesabu uone ilivyo ndogo. Ukitia gramu 1 ya mafuta yenye asilimia 75 kwenye kilo moja ya losheni, sitrali ni gramu 0.75, yaani asilimia 0.075. Umepita kiwango hicho mara 75. Hiyo haimaanishi losheni ni mbaya. Maana yake ni kwamba jina la sitrali liandikwe kwenye lebo, hata kama unauza sokoni Muheza na hakuna anayekuja kukagua, kwa sababu dada aliyeishi na mzio wake anaisoma lebo hiyo kabla ya kukulipa.

Sisi sasa kila chupa inayotoka kikundini ina namba tatu: tarehe, asilimia ya sitrali, na mililita zilizobaki shingoni siku ya kipimo. Mnunuzi akitaka, tunamwekea chupa ya ujazo juu ya meza, tunawasha jiko, anauona mgando mweupe kwa macho yake na anasoma utepe mwenyewe.